Migongo

Juni, Glasgow: usiku haulali,
husinzia tu na jicho moja wazi.
Saa tisa na nusu tukazunguka nyuma ya jengo,
kwenye mapipa yanayonuka bia ya jana,
Murdo mbele, mimi nyuma, kamera kifuani
kama mtoto aliyekatazwa kulia.

Lilikuwa soko la nafaka, kisha benki,
kisha ukumbi wa dansi, kisha basi.
Mlango wa mbele una kufuli jipya.
Dirisha la choo halina.

Ngazi mia mbili na kumi na nne. Nilizihesabu,
maana anayehesabu hapati nafasi ya kuogopa.
Ghorofa ya pili, kalenda imekwama Novemba.
Ghorofa ya tatu, kiatu kimoja cha dansi,
chekundu, kimelala ubavu.
"Hupigi?" Murdo akauliza.
Nikamwambia, hicho cha mtu.
Ya nne haina sakafu, ina boriti tu;
tukapita kama upitavyo karibu na anayeswali,
pembeni, kwa adabu, pumzi tumeibana.

Murdo ameezeka mapaa ya mji huu miaka thelathini na mmoja.
Goti la kushoto limestaafu, la kulia bado linadai mafao.
"Shika jiwe," anasema, "bomba usilishike.
Bomba ni rafiki wa maneno."

Kisha kimlango cha bati, bega, bega tena,
na upepo ukatupokea kwa kofi.

Sitasema mji ulikuwa mzuri. Ulikuwa mpana.
Dohani zimepanga foleni bila dirisha la kuhudumiwa,
vigae vimelowa, vinameta kama magamba,
na kule mto Clyde, rangi ya risasi, hauna haraka.
Shakwe mmoja akatutukana kwa lugha yake yote.

Ukingoni wamesimama wanawake wanne wa mawe.
Nawajua. Miaka tisa nangoja basi chini yao:
wa mundu, wa mizani, wa kitabu, wa nanga,
pua zimeliwa na mvua, macho yanatazama mbali
kama ya watu wanaodaiwa kodi.
Nyuso zao nimezipiga mpaka nimechoka.
Leo nikawaendea kwa nyuma.

Hawana migongo.
Jiwe limeachwa kama lilivyotoka machimboni,
nywele zinakoma sikioni,
vyuma vyenye kutu vimewashika viuno wasiruke.
Ndani ya huyo wa mizani, palipopaswa kuwa na uti,
njiwa analalia mayai mawili.
Nani angeona? Fundi alikuwa na watoto wa kulisha.

"Nenda kwa wa mwisho," Murdo akasema, hakunitazama.

Wa nanga ana msuko mmoja, mnene, hadi kiunoni.
Chini yake vifungo saba, kila kimoja na matundu yake manne,
na cha sita kinaning'inia, uzi wake umelegea,
uzi wa jiwe.

Nilifunzwa kudarizi kofia na shangazi mkali.
Ukimpelekea kazi haangalii uso;
anageuza ndani, anatafuta mafundo.
"Uso wa nguo una maneno mengi," alikuwa akisema,
na kofia yangu ya kwanza aliifumua yote.

Nikapiga picha moja. Mkono ulitetemeka, ikaharibika.
Nikapiga ya pili.

Aliye juu mngoje chini: mlinzi alikuwepo,
Harjinder, kwa mujibu wa kitambulisho, na kikombe cha chai.
"Mmeiba nini?" Nikamwonyesha.
Akavikuza vifungo kwa vidole viwili, akavihesabu,
akarudia cha sita.
Halafu akatoa daftari akaandika majina yetu,
la Murdo sawasawa, langu kwa makosa matatu.

Saa kumi na mbili niko kituoni, shingo nimeinua.
Kutoka huku chini wote wanne ni sawa,
pua hazipo, kodi haijalipwa.
Basi langu likaja, likafungua mlango, likafunga.