Kata ya Tatu

Newala, Agosti. Mikorosho imechanua,
vumbi la salfa limekaa kwenye nyusi za watu
na ndoo ya maji imefika mia tano.
Nimenunua mbili.
Muuza maji kaniuliza, "Za kuoga, bingwa?"
Za kumwogesha baba.

Alikuja na ramani za visima na kofia ya turubai,
mzee Morikawa, fundi wa pampu.
Ndani ya jina lake, alinieleza, mna msitu na mto.
Tukacheka. Uwanda wetu hauna mto;
maji yako bondeni, na bonde ndilo lililonifunza mbio:
alfajiri kushuka na dumu tupu,
kupanda na lita kumi kichwani kabla geti la shule halijafungwa.
Siku moja alinipima kwa saa yake ya mkononi.
Hakusema kitu. Kesho yake alikuja na mkewe, na viatu.
Mwaka uliofuata hakimu akagonga muhuri, nikawa wao.

Magazeti yameandika yaliyobaki.
Hayakuandika mama Sachie akinifundisha
kuvua viatu na kuvielekeza mlangoni,
"ili safari ikukute tayari,"
wala siku ya kuchagua jina la kifuani,
karani kashika kalamu, nafasi ni moja.
Niliandika Morikawa.

Mjomba Likokola hakumeza.
"Sisi hatuhesabu kwa baba, tunahesabu kwa tumbo.
Tumbo lililokuzaa ni la marehemu dada yangu.
Huo mto umeutoa wapi?"
Sikuwa na jibu. Kilomita arobaini na mbili
nimezikimbia mara kumi na moja nikilitafuta.

Leo kaja. Kasimama mbali, mikono nyuma,
ananitazama nikisugua jiwe kwa mswaki,
nikitoa salfa kwenye herufi moja moja,
kisha nachota kwa kata ya kifuu, namwaga.
Watoto wanaguna: maji yote hayo, kwa jiwe!
Sisimizi wametoka, wana bahari yao.

Mjomba kachomoa mfukoni kikaratasi cha unga wa mtama,
ule wa kutambikia, kanyunyiza pembeni
kama mtu anayetupa tu.
"Kwenu huko ni kata ngapi?"
"Tatu."
"Umemwaga mbili."
Kaipokea kata, kaichungulia ndani.
"Na mbona unaanzia kisogoni? Anza na jina."