Chaki ya Ushirika

Nje ya ghala la asali, hapa Sikonge,
kuna ubao mweusi, mrefu kama mlango uliolazwa.
Mwenye swali huandika. Mwenye jibu hujibu chini yake.
Mimi ndiye mtunza chaki.

Wapo wanaoandika MSAADA, kwa herufi za kupiga kelele,
kisha wanapanda baiskeli na kutokomea,
nasi tunabaki kuulizana: msaada wa nini, jamani?
Mzinga umeoza, au kaumwa jicho?

Sema mzinga ni wa gogo au wa sanduku.
Sema umeutundika mti gani, juani au kivulini.
Sema ulichojaribu kwanza, hata kama kilikuaibisha.
Na pale juu kabisa, mwangaluka haimalizi chaki.

Nyanzala aliuliza habari za siafu.
Sizya akamjibu mstari mmoja: oili chafu kwenye waya.
Wiki ya pili Nyanzala akarudi, vumbi hadi kwenye kope,
akaandika: "Imekubali. Ila paka upya kila baada ya mvua."
Mstari ule sijaufuta mpaka leo.
Umewafaa watu nisiowajua hata majina.

Upo mwingine niliufuta upesi.

Kashindye, kijana wa mizinga mitatu,
deni la tumbaku bado shingoni,
aliuliza: "Malkia ana sura gani?"
Swali la masika, la kiangazi, na la masika tena.
Mtu akaandika chini yake: "Muulize mama yako."
Tulicheka ghala zima.

Kashindye aliusoma akiwa juu ya baiskeli, kashika breki.
Hakushuka.
Mwandiko ule hakuujua.
Mimi naujua: m yenye mkia,
niliyofunzwa kwa fimbo darasa la pili.

Nasikia aliiuza mizinga kwa bei ya kuni.

Siku hizi nikimpa mtu chaki, naishikilia kidogo
kabla sijaiachia.
"Soma kwanza ya juu," namwambia, "huenda limeshajibiwa.
Na likiwa limejibiwa, mwonyeshe mwenzio ule mstari,
usimwonyeshe ujinga wake.
Hujui? Pita. Kimya hakijamfukuza mtu."

Na pembeni, chini, ambapo hata watoto wanafikia,
nimeandika kwa m yangu ileile yenye mkia:

Mwangaluka, Kashindye.
Malkia ni mrefu, mabawa hayamfiki mwisho wa mwili.
Hutembea polepole, wenzake wakimpisha.
Umeuliza vizuri.