Baba ni Mtu Mmoja

Kwenye leseni ya bunduki: Shekalage.
Kwenye cheti cha kifo: Shekalaghe.
Herufi moja, pumzi tu ya kooni,
na Sajini Mngazija pale Muheza
akanirudishia faili kwa ncha ya kalamu:
"Mama, hawa ni watu wawili.
Aliyekufa hana bunduki.
Mwenye bunduki hajafa."

Nikarudi Potwe na vumbi langu.
Usiku ule nguruwe walishinda shambani,
wakang'oa muhogo matuta sita
bila kuulizwa kitambulisho.

Nikaanza upya. Barua ya mtendaji wa kijiji,
ambaye muhuri wake ulikuwa umekwenda msibani Korogwe
ndani ya mfuko wa koti lake.
Barua ya mahakama ya mwanzo: msimamizi wa mirathi ni mimi.
Alama za vidole, vyote kumi.
Daktari akaniuliza kama huwa nasikia sauti.
Nikamwambia, ya karani tu: njoo Alhamisi.

Alhamisi, mtandao hakuna.
Alhamisi nyingine, namba ya kwenye chuma
haifanani na ya kwenye kitabu. Saba, au moja?
Wakaitoa stoo, ina kikaratasi shingoni kama mgonjwa,
tukaiinamia, mimi na Sajini, kwa tochi ya simu.
Penye tarakimu ndipo baba alipokuwa akishika.
Kiganja cha miaka thelathini na minane
kimeilamba namba, umebaki mkwaruzo.
Sajini akanyamaza kidogo.
Akaandika saba.

Ikabaki hati ya kiapo.
Wakili Sempombe, ghorofani juu ya duka la vitenge,
elfu kumi na tano, chai juu yangu:
*Mimi, Hidaya, naapa ya kwamba*
*Shekalage na Shekalaghe ni mtu yule yule mmoja.*
Nikatia saini. Wino ulichelewa kukauka.

Jioni nikamsomea mama.
Alikuwa akichambua mchicha, hakuinua kichwa.
"Mmoja?" akasema.
"Mimi niliishi nao wote wawili.
Mmoja alikesha shambani ili mle.
Mwingine alirudi na boha kichwani,
akaielekeza bunduki kwenye ukuta
nilioegemea. Wewe ulikuwa mgongoni."

Akatupa mzizi kwa kuku.

"Na zile risasi hazikupotea, kama alivyodhani.
Zimo kwenye mtungi wa mbegu, chini kabisa.
Wewe kaichukue, nguruwe watatumaliza.
Kazikabidhi na hizo, zipate karatasi yao.
Ila hicho kiapo chako ni uongo,
uongo wenye muhuri."

Jumatatu wananiita kituoni.
Hati iko mezani, nimeikunja mara mbili.
Nje huko, gizani, shina la muhogo linavunjika,
kisha jingine.
Mama amegeukia ukuta, halali.
Nachukua debe na mwiko,
natoka.