Faili la Mwaka wa Mafuriko

Mimi ndiye niliyelitoa.
Nianze hapo, nisije nikapamba.

Miaka kumi na tisa nilikuwa karani wa Nibaran Lahiri,
wakili wa Kalkuta mwenye sauti ya mtu aliyeshikwa na mafua.
Viatu vyake vya kwanza vya mahakamani
vilikuwa vya marehemu mjomba wake;
akavishindilia magazeti puani,
na akitembea, habari za jana zilichakarika.

Mwaka wa mafuriko alisimama bila ada
kuwatetea wazoa taka dhidi ya Halmashauri.
Nilikuwa nyuma yake na kidau cha wino.
"Mheshimiwa Jaji," alisema,
"jiji linalomwomba mtu ashuke mtaroni
lisimpimie kamba kwa shubiri."
Jaji akavua miwani.
Wakalipwa.

Hapo ndipo watu walipomjua. Diwani, kisha meya.
Mashada ya maua yakamfika masikioni.
Mkewe, Hemnalini, akakaanga samaki wa ilishi
kwa mafuta ya haradali, akamwambia,
"Kula upesi, kabla hawajakuomba kitu."

Kiti cha meya kina mikono ya simba.
Nilimwona akijifunza kuiegemea, polepole.
Alijenga, sikatai: mabomba hadi Tangra,
shule nne, taa za Beliaghata.
Lakini bajeti ni shuka fupi,
ukivuta kichwani miguu inabaki nje,
na miguu ilikuwa ileile.

Wazoa taka wakagoma. Jiji likanuka siku kumi na moja.
Akawashtaki.

Usiku huo nikafungua sanduku la bati,
nikampelekea faili Rezaul Mondal,
wakili wa mwaka wa pili, mtafuna kucha.
Sikusema neno. Naye hakuuliza.

Asubuhi kijana akasimama:
"Jiji linalomwomba mtu ashuke mtaroni..."
Mstari wa mbele, midomo ya meya ikaanza kucheza,
ikaimaliza sentensi kabla yake.

Alishinda. Niseme na hilo.
Kwa kifungu kidogo cha tarehe, jiji lilishinda.

Jioni akaja na faili, sijui alilipataje.
Akaweka kidole kwenye duara la kahawia, ukurasa wa tatu.
"Chai hii, Tarapada, uliimwaga wewe."
Nikasema ndiyo.
Akalifunga uzi, mafundo mawili, kama zamani,
kisha akaniuliza kama bado naukumbuka
ule mlango wa nyuma wa Mahakama Kuu,
ambao mtu huingia bila msafara.