Ajenda ya Tatu: Viazi

Wameniomba historia ya chama, kurasa mbili tu,
isomwe kwenye sherehe kabla ya kahawa na keki.
Nimelishusha daftari la kwanza kutoka darini mwa kanisa la Sørvik:
jalada la ngozi ya ndama, pembe moja imeliwa na panya,
wino umegeuka rangi ya chai iliyolala.

Mkutano wa kwanza. Februari, theluji hadi madirishani.
Wanaume tisa sebuleni kwa kasisi Stangeby:
mwenyekiti, mweka hazina, katibu,
na sita wa kuafiki.
Azimio: kuitoa wilaya gizani kwa njia ya elimu.
Azimio la pili: kuni ziongezwe.

Wakaagiza plau ya chuma kutoka Uingereza.
Ilipokelewa gatini kwa hotuba mbili.
Lakini mashamba ya hapa ni mawe
yaliyoazima udongo kidogo,
na siku ya pili plau ikang'oka jino.
Daftari linasema: "Ingali inachunguzwa."
Kuku wa kasisi walitagia ndani yake miaka kumi na mmoja.
Mchagua jembe si mkulima, ndiyo,
ila hawa walichagua vizuri mno. Ilikuwa na nakshi.

Kisha, ajenda ya tatu: viazi.
Kasisi alivihubiri Jumapili nne mfululizo.
Waumini wakauliza viko wapi katika Maandiko,
na kama ni kweli vinaleta ukoma.
Ndipo chama kikatangaza kikombe cha fedha
kwa atakayevuna mapipa mengi kutoka pipa moja la mbegu.

Alishinda Gunhild Torsdatter, mjane wa kibandani Neset,
mapipa kumi na saba.
Daktari Wessing alitumwa kumhoji mbinu yake.
"Mwani," alijibu, bila kuacha kupalilia.
"Mama alifukia mwani kwenye shayiri. Nami nikafukia kwenye hivi."
Jina lake alilitia kwa alama: msalaba, mguu mmoja mrefu.

Daktari akaandika makala ya kurasa arubaini juu ya mwani.
Ikasomwa Kopenhageni, ikapigiwa makofi.
Nimeisoma yote, hata tanbihi.
Gunhild hayumo.
Kuhusu kikombe: kanuni ya sita, mshindi awe mwanachama;
kanuni ya pili, mwanachama awe mwanamume mwenye shamba lake.
Kikombe kikabaki kabatini, "kwa usalama".

Nageuza kurasa. Mbolea ya samaki. Kondoo wa Kihispania, wawili, wote wakafa.
Ugomvi mrefu juu ya nani aketi karibu na jiko.

Halafu mwaka wa vita,
manowari zikafunga bahari, nafaka ya Denmark haikufika,
na theluji ikaanguka Agosti juu ya shayiri mbichi.
Watu walisaga magome ya miti wakaoka mkate.
Mkutano wa Oktoba: waliohudhuria, wanne.
Mkutano wa Novemba haukuandikwa,
isipokuwa mstari mmoja, mkono wa katibu ukitetemeka:
"Tumekwenda Neset na magunia."

Sijui walisema nini mlangoni.
Najaribu kumwona hakimu akivua kofia,
Wessing akitazama viatu vyake,
na yeye akifuta mikono kwa aproni,
taratibu, kidole kwa kidole,
huku wao wakisubiri.

Mkutano wa Desemba, orodha ya mali za chama:
Plau, moja, mbovu.
Vitabu, thelathini na viwili.
Kikombe cha fedha: hakipo.
Sababu haikutajwa.
Wote waliafiki.

Nyumbani kwa bibi yangu, Neset,
kwenye pipa la chakula cha kuku
kulikuwa na kikombe cheusi cha kuchotea,
kizito kuliko bati, kimebonyea ubavu.
Nilipokuwa mtoto nilikisugua siku moja kwa majivu
kikang'aa, na bibi akaniambia niache,
kuku hawali mwanga.

Kurasa mbili, walisema.
Nimeandika moja.
Ya pili nimeiacha tupu, katikati yake
nimechora msalaba, mguu mmoja mrefu.