Asilimia Mia na Kumi na Mbili

Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tano,
ofisi ya wakili iko juu ya duka la magodoro.
Feni inazunguka kwa kusitasita.
Mimi nataja, yeye anajumlisha.

Hamsini zangu. Hamsini za Mhina:
tuligawana kibarazani, dukani kwa baba yake,
kwa kupeana mkono, chai inapoa.
"Karatasi za nini, na sisi ndugu?"
Nikaona haya kwa kuwa nilikuwa nimeziwaza.
Juu ya vichwa vyetu, ukutani, kwa rangi nyekundu:
Mali bila daftari hupotea bila habari.
Tulidhani inawahusu waliokopa sukari.

Tano za shemeji, aliyetuazima kompyuta.
Tatu za kijana aliyechora nembo,
chungwa lenye kope, ambalo wala sikulipenda.
Nne za Mwanahija wa Muheza,
aliyetembea shamba kwa shamba akituombea imani.

Wakili Shelukindo ananigeuzia kikokotoo:
mia na kumi na mbili.

Nacheka, kisha sicheki.
Maana ndiyo mia ya mchuuzi, ile ile.
Akija shambani na lori, mia yake haiishii mia:
anazidisha kumi na mawili, "ya kuozea njiani,"
huku akiyachagua yale magumu, yenye ganda la kung'aa.
Kwa ajili ya hayo kumi na mawili tuliunda Mizani:
mkulima apige picha, simu ihesabu,
asipunjwe mtu.

"Endelea," anasema. "Nani mwingine alijua?"

Mgeni wa Dar, mwenye miwani, kule Raskazone.
Aliagiza changu wa kukaanga, akauliza polepole,
nami nikamwaga punje na makapi:
majina ya wakulima, bei za kila wiki,
jinsi simu inavyolitambua chungwa lililojificha chini ya jingine.
"Nani mwingine anayajua haya?"
"Wewe tu," nikajibu, kwa fahari kabisa.
Miezi saba baadaye, bango pale Segera:
programu yao, rangi zao, maneno yetu,
hata lile neno nililolikosea mimi,
"machugwa," bila n.

"Ungemsainisha kabla hujafungua mdomo."
Ningemwonea haya, nasema.
"Haya kaipeleke harusini."

Na msimbo wenyewe?
Aliuandika Mhina, usiku, bila mkataba.
Nywila anayo yeye, jina la tovuti limesajiliwa kwake,
naye yuko Arusha, kaajiriwa,
mchana simu hapokei.
Mhina si mwizi, namwambia wakili. Andika hivyo.
"Siandiki tabia.
Naandika nani anamiliki nini."

Chini, mwenye duka anapiga magodoro vumbi,
puu, puu, kama mtu anayehesabu
akapotea, akaanza upya.

Shelukindo ananisukumia karatasi nyeupe.
Tuanze na nani?
Peni inagoma; naisugua kiganjani.
Mwanahija, naandika,
ambaye hata siku moja hakuniuliza.
Nne. Kwa tarakimu, kisha kwa maneno,
kama hundi,
asije mtu akaongeza.