Msanii Asiyejulikana

Kompyuta ya Danguolė ina umri wa paka wake,
miaka kumi na mitatu, na wote wawili
siku hizi hupumua kwa kishindo.
Ameniita saa nne usiku. Kaunas imeganda,
theluji imekaba dirisha la jikoni hadi nusu.
"Nikibonyeza wimbo, inafikiri," anasema.
"Inafikiri kama mtu aliyekumbushwa deni."

Nakaa. Feni inavuma, meza inatetema.
Mshale umekuwa duara, duara linazunguka.
Nafungua orodha ya kazi zinazoendelea:
kivinjari, hakina neno;
kinga ya virusi, imesinzia;
programu ya muziki, asilimia tisini na nne,
inabugia kumbukumbu kama mchwa aliyepewa mlango.

Nazima yale mawimbi ya rangi yanayocheza kwenye skrini.
Naongeza bafa. Nafuta faili za muda,
kisha vumbi lenyewe, vumbi hasa,
kwa brashi ya kuchorea ya mjukuu wake Ugnė.
Tunabonyeza.
Kodiani inatoka vipande vipande, ina kigugumizi.
"Ee! Hata mimi nikiwa nimelewa napiga vizuri zaidi."

Chai. Keki ya mbegu za mpopi.
Paka amelalia chaja, penye joto.

Ndipo naona, pembeni chini kabisa,
herufi ndogo kama miguu ya sisimizi:
*Inatafuta jina la msanii. Faili 1 kati ya 311.*
Moja. Tangu Novemba, moja.
Usiku kucha inauliza dunia, nani huyu?
Dunia inajibu, hatumjui.
Inauliza tena.

Naifungua hiyo faili.
Kikohozi. Kiti kinaburutwa. Birika linaanza kuimba,
na mwanamume anahesabu kwa Kilithuania
moja, mbili, tatu, taratibu, kama anayeshuka ngazi gizani.

Danguolė anaweka kikombe chini.
"Povilas. Hapa hapa jikoni.
Mimi nilidhani anasoma gazeti."

Ningeweza kuuzima utafutaji ule:
kisanduku kimoja, alama moja, kwisha.
Mkono wangu umeshafika.
"Ngoja," anasema. "Iambie."
Anaandika kwa kidole kimoja.
Msanii: Povilas.
Albamu: Jikoni.
Mwaka: *ile baridi kali*.
Kisanduku kinakataa, kinataka tarakimu.
Anakiacha kitupu, amenuna.

Tunazichagua zote mia tatu na kumi na moja,
tunazitandazia jina lile moja.
Feni inashuka, inashuka, inanyamaza,
hata paka anainua kichwa.

Sitadanganya: bado inachukua sekunde arobaini kufunguka.
Nimemwambia anunue RAM, gigabaiti nne tu,
amesema bei hiyo ni ya wazimu.
Navaa viatu kizani, navuka mlango,
na nyuma yangu kodiani inaanza, haikwami,
mpaka pale Povilas mwenyewe anapokosea noti,
anacheka,
anarudi nyuma,
anaipiga tena.